Nyumba ya Mfungo

Harufu ya uji wa pilipili manga hunitia hasira. Wajukuu wangu wanadhani ni uzee. Jioni za Ramadhani, kikombe kikiwekwa mbele yangu na mvuke ukanipanda puani, hujikuta nimekunja uso kama mtu aliyetukanwa, nao hunong'onezana, "Bibi njaa imemzidi." Sina njaa. Nina kinyongo, na kinyongo chenyewe kina umri mkubwa kuliko mama yao.

Mwaka huu mfungo umeangukia tena kwenye joto la mwisho wa kiangazi. Tuko hapa Makongolosi, mahali nilipoolewa na nitakapozikwa, na saa tisa za mchana bati linalia juu ya vichwa vyetu na mate hayapatikani hata ya kumezea. Jana mjukuu mmoja alilala sakafuni, shavu kwenye saruji, akauliza watu wa zamani walifungaje katika jua hili. Nilitaka kumjibu kwamba watu wa zamani wa ukoo wake hawakufunga katika jua hili. Walikuwa na nyumba. Walikuwa nayo, wakaila wenyewe.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa pwani aliyefuata dhahabu ya Makongolosi bila kushika sururu hata siku moja. Aliwauzia wachimbaji chumvi, kaniki na mafuta ya taa, nao wakamletea vumbi la dhahabu ndani ya vibiriti. Mwaka mmoja mfungo uliangukia wakati kama huu, Babu akazimia dukani, akaanguka juu ya magunia ya chumvi. Walimpa maji, siku ile akailipa baadaye, na akaapa kwamba hatafunga tena ndani ya chungu hiki. Akapanda Uyole, kule juu penye baridi, akapata kiwanja juu kidogo ya barabara kuu, katikati ya mashamba ya Wasafwa. Akajenga nyumba ya tofali mbichi, vyumba vitano na ukumbi, akaiezeka bati. Kazi ya nyumba ile ilikuwa moja tu, kufungia Ramadhani. Kila Shaabani ikielekea ukingoni, watu wake walifunga virago: Baba Mkubwa na familia yake wakitoka Makongolosi, sisi tukitoka Mlandege, Iringa, ambako Baba alikuwa fundi cherehani. Wenyeji wa Uyole walituita Waswahili wa mwezi mmoja, na hawakukosea.

Ninayokumbuka ya enzi za Babu ni machache na yote ni ya tumboni. Sinia moja kubwa la shaba. Magimbi, viazi, maharage ya nazi iliyosafirishwa kutoka mbali, ndizi za Tukuyu. Moshi wa mkaratusi unaowasha macho, na ule uji, mweusi kwa pilipili, tukiunywa huku tumejifunika mablanketi. Babu alikuwa na sharti moja: katika nyumba ile hakuna sahani ya mtu. Wote mkono mmoja, sinia moja. "Anayetaka sahani yake," alisema, "njia ya kwake anaijua."

Aliyekaa pale mwaka mzima alikuwa Shangazi Tatu. Alikuwa wa mwisho katika watoto watatu wa Babu, baada ya Baba Mkubwa na baba yangu. Aliolewa Tukuyu, akaachika, akarudi na sanduku la bati, na Babu akamwambia, "Kaa kwenye nyumba ya mfungo, uilinde." Akakaa. Akalima viazi mviringo na njegere, akapanda mipichi nyuma ya jiko, akajifunza Kisafwa hadi akaweza kugombana kwa lugha hiyo sokoni. Alikuwa mwembamba, mkali wa maneno, miguu yake imepasuka kwa baridi. Mimi nilidhani Shangazi ni sehemu ya nyumba ile, kama mlango. Kwa hiyo Babu alipofariki, na mwaka uliofuata nikawasikia wakubwa wakisema nyumba inauzwa, nilimwuliza Mama ndani ya lori tukipanda Uyole, "Na Shangazi atauzwa?"

Mama alicheka kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika safari ile. "Yule nani atamnunua?" akasema.

Walianza siku ile ile tuliyofika, hata vumbi la njiani halijafutwa. Baba Mkubwa alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya kupiga mnada. Mfungo wa mwaka ule ulikuwa umeangukia katikati ya kipupwe. Asubuhi majani ya viazi yalikuwa na jalidi, umande ulioganda, na maji ya kutawadhia yaliuma mikono. Alisimama ukumbini na koti lake, akapuliza viganja.

"Tuambizane ukweli," alisema. "Baba alijenga hapa akikimbia joto. Haya, mfungo umehama. Sasa unaangukia kipupwe, na mwakani kipupwe, na mwaka wa kesho kutwa kipupwe. Tunakimbia nini? Tunatoka kwenye jua zuri tunakuja kutetemeka hapa kama vifaranga. Nyumba hii imekwisha kazi. Mimi nina mtu wa pareto anayeitaka iwe ghala, yuko tayari hata leo."

"Mwezi unazunguka, Kaka," Shangazi akasema. Alikuwa anamenya viazi na hakuinua kichwa. "Ulitoka kwenye joto, utarudi kwenye joto."

"Mpaka urudi tutakuwa makaburini."

"Labda wewe."

Baba alikohoa. Siku zile nilimpenda baba yangu kupita kiasi, na nilisubiri aseme neno la kumlinda Shangazi. Akasema, "Huwezi kumtafuta mnunuzi bila kuniuliza. Mimi si mtoto wako wa dukani." Nikaridhika kabisa. Nilidhani hayo ndiyo maneno ya kumlinda mtu.

"Na mimi niende wapi?" Shangazi aliuliza. Hapo aliinua kichwa, akawatazama mmoja mmoja.

"Utakuja Makongolosi," Baba Mkubwa akasema.

"Nikalale kwenye magunia?"

"Au Iringa kwa kaka yako huyu."

Mama alikuwa ametulia mlangoni na mdogo wangu mgongoni. "Iringa tuna chumba kimoja na cherehani," akasema taratibu. "Na wifi yangu hapa amekula viazi vya nyumba ya wote miaka yote hii, hakuna aliyemdai."

"Nilivilima, wifi. Wewe ulivila."

Ndipo mambo yakaharibika kweli kweli. Jioni ile, siku ya kwanza ya mfungo, Shangazi alipika futari kama kawaida akalitoa sinia la Babu. Baba Mkubwa akamwambia mkewe asipakue humo. Mkewe akawasha moto wake upande wa pili wa ua. Mama naye, asije akaonekana mnyonge, akapanga mafiga yake karibu na mpichi. Mioto mitatu katika ua mmoja, vyungu vitatu, mikeka mitatu ukumbini, na kila mkeka umempa mwenzake mgongo. Magharibi ilipoingia, watu wa damu moja walifungua vinywa kwa wakati mmoja bila hata kukaribishana tende.

Na mimi, Mungu anisamehe utoto, niliona tumetajirika. Sijawahi kuona vyakula vingi namna ile. Nilikuwa nafunga nusu siku tu, lakini wakati wa kufuturu nilikuwa wa kwanza. Nilianza kwa Mama, maharage. Nikahamia kwa Baba Mkubwa, kulikokuwa na nyama, mkewe akinipa finyango moja huku akimtazama Mama kwa pembe ya jicho. Nikamalizia kwa Shangazi, ambaye alikaa peke yake mbele ya sinia lile kubwa lenye magimbi matatu katikati, akaninywesha uji. "Kula," aliniambia. "Wewe ndiye pekee mwenye ndugu humu." Nilimwonea huruma kwa kuwa sinia lake lilikuwa halijai. Sikuelewa kwamba alilitoa kila jioni kwa makusudi, liwasute.

Mwezi mzima ulikwenda hivyo. Walisalimiana kwa kupitia watoto. "Mwambie baba yako mdogo kamba yangu ya mbuzi irudishwe." "Mwambie baba yako mkubwa mbuzi wake amekula njegere." Daku waliamka kwa zamu wasikutane jikoni. Kuna siku Baba Mkubwa alipiga misumari kwenye mlango wa stoo, Baba akaing'oa, Shangazi akaichukua ile misumari akaiweka kwenye kopo lake. Walikuwa wamekubaliana jambo moja tu: mnunuzi atakuja siku ya Idi, baada ya swala, na siku hiyo yataamuliwa. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka methali tuliyofundishwa, kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Aliyeitunga hakuwajua hawa. Kapu langu bado ninalo, na halijawahi kuvunia kitu.

Mfungo wa ishirini na tisa, jioni, sote tulitoka kuutazama mwezi mwandamo. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu alasiri. Baba na Baba Mkubwa walikwenda barabarani, kila mmoja ukingo wake. Shangazi alinishika mkono tukapanda shamba la viazi hadi juu, mpakani na shamba la jirani yetu Msafwa, Baba Sekela. Tulisimama tukitazama upande wa mlima wa Mbeya. Nilitetemeka, lakini nilikuwa na kazi na niliifanya kwa bidii: nilikuwa natafuta mwezi. Mwezi niliujua vizuri. Ni duara, unang'aa, na ndani yake kuna mtu amebeba kuni.

Ukungu ukapasuka kidogo. Juu ya bega la mlima nikaona kitu chembamba cheupe, kama ukucha uliokatwa, kimekaa upande. Kilikuwa kizuri nikataka kumwonyesha Shangazi. Nilipomgeukia, tayari alikuwa anakitazama. Aliwahi kukiona kabla yangu. Sura yake sijaisahau: midomo ilikuwa inasoma kitu, na macho yamejaa. Kisha akavua kanga ya mabegani akanifunika kichwa chote, uso na yote, nikawa gizani ndani ya harufu ya moshi na pilipili manga.

"Baridi hii itakuua," akasema. "Twende ndani."

Tulikutana na Baba Mkubwa uani, anakuja mbio, koti wazi. "Umeandama! Nimeuona kwa macho yangu, pale barabarani!"

Baba alikuwa nyuma yake. "Umeuona mwezi au umeiona bei?"

"Muogope Mungu wewe. Mimi nadanganya mwezi?"

"Nilikuwa pale pale. Nimeona ukungu na lori la viazi."

"Tatu!" Baba Mkubwa akamgeukia dada yake, ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina mwezi ule. "Ninyi mlikuwa juu. Mmeuona?"

"Ukungu mtupu," Shangazi akasema.

Baba Mkubwa akainama mbele yangu, akanifunua kanga. "Wewe mtoto. Mtoto hana nyumba ya kugombea. Umeuona mwezi?"

Nilifikiria ule wa duara, na mtu wake, na kuni zake. "Hapana, Baba Mkubwa," nikasema, na nilikuwa nasema kweli.

"Basi," Baba akasema. "Tunakamilisha thelathini."

Kesho yake ndani ya nyumba moja kulikuwa na siku mbili. Baba Mkubwa alioga, akavaa kanzu nyeupe, akadandia lori kwenda msikitini Mbeya, na mkewe akaanza kukaanga vitunguu vya pilau. Upande wetu ulikuwa Ramadhani. Baba alikaa ukumbini, midomo mikavu, akisoma Kurani kwa sauti kuzidi kawaida yake. Pilau ilipoanza kunukia iliingia kila chumba bila hodi. Baba Mkubwa akarudi na habari kwamba mji mzima wa Mbeya umeswali Idi, na kwamba kufunga siku ya Idi ni haramu kwa kila mwenye akili.

"Kula Ramadhani mchana nayo ni halali?" Baba akamwuliza. "Mji mzima wa Mbeya ulikuwa ndani ya ukungu. Waliuona kwa macho ya nani?"

"Umeshaambukizwa ubishi huko Mlandege."

"Na wewe umeshaambukizwa dhahabu."

Baba Mkubwa akala pilau yake palepale ukumbini, taratibu, anafyonza mifupa. Baba akapandisha sauti ya Kurani. Mimi nilitoka nikaenda jiko la nje kumtafuta Shangazi, na huko nikaona jambo lililonitisha kuliko ugomvi wote. Shangazi alikuwa amegeukia ukuta, kata ya maji mkononi, anakunywa. Alikunywa funda moja, akafuta mdomo. Siku hizi vijana wangemwita kobe, yaani mla mchana kwa siri. Nilijiondoa kinyumenyume na sikumwambia mtu, maana nilimpenda, nikabeba siri ya kwamba Shangazi yangu mcha Mungu alikula mchana wa Ramadhani.

Mnunuzi alifika kabla ya adhuhuri, jitu zito la koti la sufu. Baba Mkubwa alimpokea kwa pilau. Baba akasimama. "Bwana, hapa kwangu leo ni mfungo. Siamui jambo la urithi na kinywa kikavu." Wakarushiana maneno mbele ya mgeni, ya aina ambayo ndugu huyaweka akiba kwa miaka. Mwisho Baba akamshika mgeni mkono akamsindikiza barabarani, nami nikawafuata nikishika kanzu ya Baba.

Huko barabarani sauti ya Baba ilibadilika, ikawa ile ya kupimia watu nguo. "Yule amenizidi miaka tu, akili hanizidi," alisema. "Uliyozungumza naye mimi siyatambui. Zungumza na mimi. Njoo kesho."

"Na dada yenu?"

"Sehemu yake ni moja katika tano. Tutampa chake."

Nilirudi nikikimbia mpaka kifua kikauma. Kwetu Mlandege nilikua nikimsikia Baba akiwaambia wateja "njoo kesho". Wateja walikuja kesho wakaambiwa njoo kesho, nguo zao zikakaa kwenye kabati mpaka zikapata mende. Kwa fundi cherehani, njoo kesho maana yake ni hapana. Nikamkuta Shangazi anachambua maharage, nikamwambia kwa furaha kwamba tumepona, Baba amemfukuza yule mtu.

"Amesemaje?"

"Amemwambia njoo kesho!"

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Na nini tena?"

"Akasema watakupa chako."

Akaumimina ungo wote chunguni, na mawe yake na yote. "Basi," akasema, "nitajipa mwenyewe." Akajifunga kanga kiunoni, akapanda kwa Baba Sekela. Mimi nilibaki nikifikiri amekwenda kumpa habari njema.

Idi yetu ilikuwa ya watu wanne. Baba aliswalisha uani, Mama nyuma yake, mimi na mdogo wangu nyuma ya Mama, huku mke wa Baba Mkubwa akifua nguo pembeni kama siku ya kazi. Baada ya hapo mnunuzi akaja. Na hapo nikaona ajabu: Baba na Baba Mkubwa wakanong'onezana, wakapeana mikono, wakatoka bega kwa bega pamoja na yule mtu kwenda kwa jumbe kuliweka jambo mbele ya mashahidi. Mwezi mzima hawakuweza kula pamoja, lakini kuuza waliweza.

Hawajapotea kwenye kona, Shangazi akatoka na lile kopo la misumari na nyundo. Baba Sekela alishuka na vijana wake wawili na ngazi. Wakapanda juu ya chumba cha nyuma, kile alicholala Shangazi, na kuanza kung'oa bati. Kelele zilikuwa kubwa, mbuzi wakakata kamba. Mama alitoka akashika kichwa. "Wifi, umerukwa na akili?"

"Ninazo timamu," Shangazi akajibu kutoka juu. "Shika hiyo bati, au sogea."

Mama akasogea. Bati zikashuka moja moja, zikapandishwa mlimani kupitia shamba la viazi. Wanaume waliporudi, nyumba ilikuwa na tundu la mraba, na ndani ya chumba cha Shangazi jua lilikuwa limelala kitandani kwake. Alikuwa amekaa kizingitini na sanduku lake.

Baba ndiye aliyetangulia kusema, "Tatu, umefanya nini?"

"Kwa sheria sehemu yangu ni moja katika tano," akasema. "Vyumba ni vitano. Nimechukua changu. Vilivyobaki vyenu, mle mshibe."

Mnunuzi akatazama juu, akacheka, akasema kwamba yeye aliafikiana juu ya nyumba, hakuafikiana juu ya nyumba iliyonyolewa. Bei ikashuka pale pale, na ndugu wawili waliopatana kwa nusu siku wakageukiana. Kila mmoja alitaka hasara iwe ya mwenzake. Sitayaandika waliyoambiana, yanahusu hadi aliyewazaa. Jioni ile tulipanda malori mawili tofauti, moja la kuelekea Iringa, moja la kwenda Chunya. Nilitaka kupanda mlimani kumuaga Shangazi. Baba akanivuta sikio akanirusha juu ya magunia. Lori lilipoondoka nikaziona bati zimelala kwenye nyasi za Baba Sekela, zinawaka jua. Nilimsikia baadaye mtu akisimulia kwamba mzee yule alimwambia Shangazi, "Bati ni ya kwako, shamba iko ya kwangu. Weka tu nyumba yako hapa juu, dada." Mtu baki alisema hayo.

Nilikua. Shuleni nilichora mwezi mwandamo kwa mara ya kwanza, ukucha mweupe umekaa upande, na penseli ikaniganda mkononi. Ndipo nilipoelewa jioni ile na ile kanga. Ndipo nilipoelewa na lile funda la maji. Shangazi aliuona mwezi. Alijua kesho ni Idi, na kufunga Idi asingethubutu. Aliwadanganya kaka zake ili apate siku moja zaidi ndani ya nyumba ile, lakini Mungu hakuthubutu kumdanganya. Na niliyemdhania kuwa amesimama upande wake, baba yangu, alikuwa anabishana na kaka yake tu, kama ambavyo angebisha hata kwamba jua limekuchwa. Hilo sijamsamehe, na ameshakufa. Yeye na kaka yake hawakusemezana tena mpaka mauti, na hata kwenye maziko ya mwenzake aliyebaki hakufika.

Niliolewa hapa Makongolosi, karibu na duka la Baba Mkubwa lililokuwa limebaki rafu tupu na mizani. Mwezi ulizunguka kama alivyosema Shangazi. Ukatoka kwenye kipupwe, ukapita masika, ukapita Krismasi za watu, ukarudi kwenye joto. Mwaka ule uliporudi kabisa, Baba Mkubwa alikuwa mzee wa kubebwa. Alifunga kwa ubishi wake ule ule, na ilipofika alasiri alilala juu ya sakafu ya duka, kinywa wazi. Akaniita.

"Shangazi yako bado yuko Uyole?"

"Yuko."

"Nenda. Mwambie kaka yake anataka kuja kufunga kwake, hata kumi la mwisho." Akasita. "Mwambie mwezi umerudi, alisema kweli."

Nikaenda. Nyumba ya Babu ilikuwa ghala, inanuka pareto hadi barabarani. Nikapanda mlimani. Shangazi alikuwa na chumba chake kimoja cha tofali, mvi kichwani, bati zile zile juu, na matundu ya misumari ya zamani yameacha nukta za mwanga ukutani. Nilimkuta anakoroga uji. Baridi ya pale ilinishika miguuni nikataka kulia kwa raha. Nilimpa ujumbe wote, neno kwa neno, na ile "alisema kweli".

Alikoroga mpaka uji ukaiva. Akaipua chungu, akanimiminia kikombe, kisha akakaa juu ya lile sanduku la bati.

"Mwambie," akasema, "sijauona mwezi."

Nilimsihi. Nilimwambia mzee atakufa na kiu. Akanisogezea uji akaniambia ninywe, utapoa. Pembeni ya mafiga, limeegemezwa ukutani, lilikuwako sinia la Babu, limesuguliwa linang'aa, na hapakuwa na mtu wa kula humo.

Nilirudi Makongolosi nikaufikisha ujumbe kama nilivyopewa. Baba Mkubwa aliusikiliza amefumba macho, na alielewa, maana hakuniuliza maana yake. Jua lilipigapiga bati.

"Na baridi?" akauliza mwishoni. "Baridi bado iko kule?"

Nikamwambia ipo.